Damu ya Nyumba Kwanza

Papa Amisi,

Jumanne iliyopita nilimtoa damu Dokta mkuu wetu mpya mbele ya wagonjwa wote, na nataka uisikie kwangu kabla hujaisikia kwa mwingine atakayekufuata huko. Alinyoosha mkono mwenyewe. Ila sitakudanganya, sikumwachia njia nyingine.

Kwanza nikupe habari za labo, maabara yako, maana najua ungeuliza hizo kabla ya kuuliza hali yangu. Benchi lako liko palepale chini ya dirisha. Juu ya paa kuna paneli za jua, kwa hiyo frigo ya kupozea dawa haizimi tena ovyo. Mashine ya CD4 ni nyingine, ndogo kuliko ile yetu, nayo inanguruma vilevile ikiamshwa asubuhi. Walipopaka ukuta rangi ya kijani, fundi aliyafunika maneno uliyoyaandika kwa mkaa karibu na mlango. Niliyaandika upya. Mwaka uliofuata wakapaka tena, nikaandika tena. Sasa wamechoka wao.

Damu ya nyumba kwanza.

Wanafunzi wakiuliza maana yake nawaeleza kama ulivyonieleza. Kabla ya kupima damu ya mgonjwa yeyote, mpimaji anajitoa yake na kuipitisha kwenye mashine. Ikitoa namba yake ya siku zote, dawa ya kupimia ni nzima na kazi inaanza. Isipotoa, haguswi mtu. Kisha nawaeleza dawa yenyewe: kwamba baadhi ya chembe nyeupe za damu zimebeba juu ya ngozi yao kipokezi kiitwacho CD4, na virusi vya ukimwi huingilia mlango huohuo. Katika kichupa chetu mna kingamwili zilizofungwa rangi. Zinakitafuta kipokezi hicho tu na kukishika. Mwali wa leza ukipiga, chembe iliyoshikwa inawaka, na mashine inaihesabu. Hapo wananikodolea macho. Ndipo naleta maneno yako: "Njo kama bariyeri ya wakati wa vita. Watu wanapita mumoja-mumoja, na mwenye kubeba taa njo anahesabiwa." Wanaelewa wote, hata waliozaliwa baada ya vita. Kindu hii hakuna asiyejua bariyeri, kizuizi cha askari barabarani.

Mimi nilianza kuhesabu kabla ya mashine, na wewe ndiye shahidi. Wakati wa vita treni haikuja, mashambani hapakuendeka, na hadubini yetu uliificha chini ya banda la kuku, imeviringishwa kwenye turubai. Asubuhi tuliitoa, tukakielekeza kioo chake juani maana umeme haukuwepo. Glovu tulizichemsha na kuzianika kwenye kamba kama nguo za mtoto. Kile chombo cha kuhesabia kilikuwa kimeporwa, basi tulihesabu kwa mahindi, punje moja kwa kila chembe kumi. Siku ile njaa iliponizidi nikazitafuna zile punje, kisha nikakutajia namba ya kubuni. Uliitazama sahani, ukanitazama mdomo. Ukanipa nusu ya muhogo wako, ukaniambia, "Njaa haina kosa, Zaina. Namba ya bongo, ya uongo, njo iko na kosa." Nikahesabu upya, machozi yananitiririka na mdomo umejaa muhogo. Hilo somo halikunitoka.

Au nilidhani halikunitoka.

Maana mashine ilipokuja, miaka baada ya vita, wewe ndiye uliyekuwa damu ya nyumba. Asubuhi ya kwanza ulitoa mia nane, ukacheka kwamba na uzee huu bado askari wako wamo. Mwaka uliofuata namba ikashuka kidogo, na mwaka mwingine kidogo tena, kama maji ya mto Lualaba wakati wa kiangazi, ambayo huyaoni yakipungua mpaka siku unapoliona jiwe. Tulisingizia joto. Tulisingizia mashine. Kisha asubuhi moja ikaja mia moja na tisini, namba ya mtu mgonjwa. Uliniambia, "Andika." Mimi nikasema dawa imekufa, frigo ilizima usiku kucha, na kabla hujafungua mdomo nilikuwa nimekimwaga kichupa. Kilikuwa cha mwisho. Watu waliotoka Pangi kwa baiskeli tuliwarudisha bila kupimwa, wakakaa majuma wakingoja kingine.

Kichupa kipya kilipokuja ukatoa mia moja na sabini. Ulichukua kipimo kile cha tone la kidole, ukajipima mwenyewe mlango umefungwa, ukanionyesha mistari miwili: virusi vimo. Sikuuliza ulivipata lini. Niliziona akilini zile glovu kwenye kamba, zimetoboka vidoleni.

Nilikuwa naogopa kukupoteza, Papa, ndiyo maana nikailaumu chupa. Wewe ulikuwa umekwisha kuona. Dawa za virusi ulizianza, lakini zilikukuta mlima umeshakushinda. Matangani watu wakasema umerogwa na wenye wivu wa kazi yako, na mimi niliyeijua namba nikapakua wali na kunyamaza. Uliniagiza nisiifiche. Nikaificha miaka mitano.

Sasa sikia ya Jumanne.

Dokta huyu mpya si mtu mbaya. Ni kijana, msafi, ana haraka. Alipofika alikataza damu ya nyumba, akisema dawa ni ya wagonjwa, si ya kuchezea. Mimi niliitika "ndiyo, Dokta" na kila asubuhi nikajitoa damu kama kawaida. Juma lile dawa ilikuja kwa ndege, na kikasha kikabaki barazani kwa watu wa uwanja wa ndege kuanzia Jumamosi hadi Jumatatu, kwa sababu hakuna aliyetumwa kukichukua. Tarehe ya mwisho kwenye kichupa ilikuwa bado. Barafu ilikuwa maji ya kuogea.

Asubuhi nikaanza na yangu. Mimi ni mtu wa mia tisa. Ikatoka mia mbili.

Lakini safari hii sikumwaga kitu. Niliitazama picha kwenye skrini, ile ambayo zamani sikuitazama: kila chembe ni nukta, na inayowaka zaidi hupanda juu. Chembe zangu hazikuwa chache. Zilikuwepo, ila zimefifia, zimeshuka zikachanganyika na zile zisizo na rangi, hata mashine ikashindwa kuzitenga. Taa ndizo zilizozimika, watu walikuwa wamejaa. Nikatoka nikamwambia Dokta kwamba dawa imekufa na leo hatupimi. Barazani pale walikuwa wamekaa watu kumi na wawili, mbele yao mama mmoja wa Kampene aliyekuja na mwanawe mgongoni, anasubiri kuambiwa kama dawa zake zinamsaidia au amekwisha.

Dokta akasema tarehe bado, tupime. Nikamwonyesha skrini. Akatazama, akashusha sauti, lakini baraza lote lilisikia: "Labda chupa iko muzuri, Mama Zaina. Labda njo wewe."

Papa, wewe unanijua hasira zangu. Nilitaka kuropoka. Badala yake nikavuta kiti, nikafungua sindano mpya, nikamwambia, "Inawezekana. Leta mukono, Dokta. Kama yako iko muzuri, mimi nitaenda kukaa pale na wagonjwa."

Hakuleta. Alisimama akiutazama mkono wake kama wa mtu mwingine. Kisha akasema polepole, "Na kama njo mimi?"

Hapo ndipo nilipomwelewa. Haikuwa dawa aliyokuwa akiibania. Alikuwa anaogopa, kama nilivyoogopa mimi siku ile, isipokuwa mimi niliogopa kwa ajili yako. Nikamjibu kwa maneno yako, maana sikuwa na mengine: "Kama unaogopa yako, ya watu utaandika namna gani?"

Akakaa. Akakunja shati. Nikamtoa damu, nikaitia dawa, nikaipitisha. Mia moja na themanini, na chembe zake zimefifia vilevile kama zangu, wingu zima la nukta limezama. Nikamgeuzia skrini tuone wote wawili. Alicheka kicheko cha mtu aliyeponea chupuchupu, kisha akafunga kifungo cha shati na kutoka mwenyewe kuwaambia wagonjwa kwamba dawa imeharibika na kosa ni lake. Hilo nalo uliandike kwa upande wake.

Na mimi nikasimama karibu naye, nikasema lililonikaa kooni miaka mitano. Nilikuwa nimemwomba ruhusa Mama Mwajuma, mjane wako, tangu sikukuu. Anameza dawa zake kila siku, amenenepa, na alinijibu, "Sema. Mimi siko na haya." Basi nikawaambia kwa nini katika labo hii tunaanza na damu yetu. Nikataja jina lako, na namba yako. Nikasema hukurogwa. Kuna mzee mmoja aliyekuwepo matangani kwako, akainuka akaenda zake. Aende. Mama wa Kampene alibaki, akauliza arudi lini.

Alirudi Ijumaa. Kichupa kipya nilikifuata mwenyewe uwanjani, nikakipakata kwenye pikipiki njia nzima. Mimi mia tisa, Dokta mia saba na kitu, na ndipo wagonjwa. Yule mama chembe zake zimepanda. Tungempima Jumanne tungemwambia anakufa.

Jioni ile nililitoa daftari la zamani kabatini. Mchwa wamekula pembe tu. Nikaukuta mstari wako wa mia moja na tisini, na pembeni mwandiko wangu: dawa imekufa. Picha ya siku ile ilikuwa bado imegundishwa chini yake. Niliitazama kwa macho ya sasa. Chembe zako zilikuwa chache, Papa, za kuhesabika. Lakini kila moja iliwaka juu kabisa ya karatasi. Dawa haikuwa na kosa lolote, na picha ilikuwa ikiniambia hivyo tangu siku ile.

Nimeyakata maneno yangu kwa mstari mmoja, kama ulivyonifundisha, ili kosa lisomeke. Juu yake nimeandika: Dawa nzima. Damu ya Papa Amisi. Nikatia sahihi.

Pumzika, Papa, Mungu akupe nafasi yenye mwanga. Nakuahidi neno moja tu. Yeyote atakayekuja kuongoza hapa, apake ukuta rangi atakayo, kesho asubuhi nitaanza na yangu.

Mwanafunzi wako mla mahindi,
Zaina