Mabaka ya Milembe

Dar es Salaam, 4 Machi 1996

Shikamoo baba. Goti la mama linaendeleaje? Mimi mzima wa mwili, ila roho haijatulia.

Kazi yangu ya mwisho hapa chuoni ni kuifundisha kompyuta ikumbuke kama ubongo: uionyeshe kipande cha picha, yenyewe imalizie. Nikakukumbuka wewe, unaona mkia wa ng'ombe tu kichakani unasema, "Yule Milembe." Basi nimeiingizia ng'ombe wetu kumi niliokuja kuwachora likizo, kwa nukta nyeusi na nyeupe. Wee! Nikiipa nusu ya Milembe inaniletea ng'ombe asiyewahi kuzaliwa, kichwa cha huyu, mgongo wa yule. Isipofanya kazi ifikapo Juni, narudia mwaka. Baba, wewe unawatofautishaje?

Binti yako, Ng'washi

Shishiyu, 29 Machi 1996

Mwangaluka, mwanangu. Goti la mama yako bado linatangulia mvua. Tunapalilia pamba, na wanunuzi binafsi wameshaanza kutusalimia kwa majina.

Nimecheka mpaka kaka yako Kwandu akaja kuuliza kulikoni. Mashine yako ni yeye kabisa alipoanza kuchunga! Alikariri ng'ombe mzima. Ng'ombe wetu karibu wote weusi, weusi utakuambia nini? Mimi siuangalii. Naangalia alichonacho huyu ambacho wenzake hawana, kama mabaka ya Milembe. Ifundishe hicho tu, ya wote yatupe.

Na usirudie mwaka, nimeshatangaza kanisani.

Baba yako, Mahona

Dar es Salaam, 21 Juni 1996

Shikamoo baba! Afya baadaye, nimefaulu!

Nilitoa kile walichonacho ng'ombe wote, nikaacha tofauti zao. Mbele ya walimu watano nikaipa robo ya picha, mgongo tu. Nukta zikahama, zikahama, Milembe akasimama na pembe zake! Wakapiga makofi, nikalia. Wakauliza mbinu nimeitoa kitabu gani. Nikasema kwa baba yangu, anachunga Shishiyu. Wakaandika.

Nimekukatia kipande cha picha nyingine. Haya, ni ng'ombe yupi?

Binti yako, Ng'washi

Shishiyu, 10 Julai 1996

Mwangaluka, msomi wangu. Tu wazima. Mama yako alipiga vigelegele, majirani wakaja wakidhani kuna posa.

Huyo kwenye kipande si wetu hata kidogo! Ni wa jirani Mayala, alilala zizini kwetu wiki ile ulipokuja kuchora. Mashine haina kosa, kosa ni lako.

Mfute. Milembe amezaa jike juzi, ana baka jeupe kwenye paji. Mchore huyo. Ni wako wewe, si wa Kwandu, na nimeshamwambia.

Baba yako, Mahona