Sarafu Tatu za Ezana

Jumanne, 4 Machi

Shifti ya asubuhi kiwandani, Tonawanda. Mashine ya vifuniko imekwama mara mbili. Mabega yanauma. Basi la kurudi limechelewa, theluji imeniingia viatuni. Hata hivyo nashukuru: kazi yangu ni ya ndani, penye joto.

Jibu limefika. Binti yangu Divine ndiye aliyeniandikia barua ya maombi kwa Kiingereza, na leo amenisomea jibu lake mezani. Bibi anayetunza sarafu za kale katika chuo kimoja cha Columbus anasema niende Ijumaa ya tarehe 28. Atanionyesha sarafu za Ezana, mfalme wa Aksum, Ethiopia ya kale.

Miaka kumi na mmoja nilifundisha habari za Ezana kule milimani, Kivu ya Kusini, Congo. Kwa chaki tu. Nilichora duara ubaoni nikasema: hii ni sarafu. Sikuwahi kuona moja.

Nimejifungia bafuni nikafungua maji ili wasisikie nikilia.

Ijumaa, 7 Machi

Mchungaji Rukundo amepiga simu kutoka Louisville. Dada yangu Chantal amemwambia habari za safari. Anataka nikitoka Columbus nifike kwao, nizungumze na vijana kanisani Jumapili.

"Mwalimu, bon, utuambie vile mfalme alitupa mwezi, akakamata msalaba. Donc, kwa hiyo vijana waone: mutu anaweza kuacha yote siku moja."

Nimekubali mara moja. Somo hilo nalijua kwa moyo. Ezana alianza kutawala akiwa mpagani, na sarafu zake zilikuwa na mwezi mwandamo na duara juu ya kichwa chake. Kisha akamwamini Kristo. Mahali pa mwezi akaweka msalaba. Mwisho wa somo.

Tangu nifike Marekani, miaka minane sasa, sijaitwa Mwalimu na mtu mzima. Nimetembea chumbani huku na huku kama jogoo. Mke wangu Esperance amecheka mpaka akakaa.

Jumamosi, 15 Machi

Nimeketi kuandika hotuba. Imenishinda.

Kila nikiandika "aliacha yote siku moja", namwona Baba.

Baba hakubatizwa. Kila asubuhi kabla ya kunywa alimwaga maziwa kidogo chini, ya wazee waliotangulia. Mimi nilikuwa na miaka ishirini na miwili, nimeokoka karibuni, moto kabisa. Siku moja alininyooshea kibuyu. Nikakikataa mbele ya watu. Nikasema sinywi maziwa ya mizimu.

Kwetu wafugaji, kukataa maziwa ya mkono wa baba yako ni heri ungemtukana.

Alikiweka kibuyu chini akatoka kwenda kwa ng'ombe. Nilirudi mjini Uvira, nilikokuwa nikifundisha wakati huo. Miezi mitano baadaye akafa. Sikumwona tena.

Sijawahi kuyaandika haya.

Jumapili, 16 Machi

Hotuba bado. Naogopa.

Alhamisi, 27 Machi

Supavaiza amenipa siku nne. Sikutegemea. Mungu ambariki.

Ndani ya basi kutwa nzima. Mdogo wangu Musafiri amenipokea Columbus kwa ugali na sombe, majani ya muhogo. Ametandika godoro lake kwa ajili yangu, yeye amelala kwenye kiti. Nimebishana naye, hakukubali.

Ijumaa, 28 Machi

Nimeziona.

Nilidhani ni kubwa. Ya dhahabu haizidi ukucha wa kidole gumba! Bibi yule ana mvi, ana sauti ya chini, na hakunihurumia Kiingereza changu. Alingoja tu nimalize sentensi. Aliniuliza natoka wapi, nikamwambia mimi ni mwalimu. Nilisema "ni", sikusema "nilikuwa".

Aliweka ya kwanza kwenye kitambaa cheusi. Mfalme na kilemba chake, na juu yake mwezi umelalia mgongo, umebeba duara. Kisha ile ya dhahabu. Mfalme yuleyule katikati ya masuke mawili ya nafaka, na pembeni misalaba midogo, midogo, kama imechomwa kwa ncha ya sindano. Msalaba ule ulipigwa Afrika, wakati nchi nyingi za Ulaya hazijasikia lolote la Kristo. Nilikuwa nikiwaambia hivyo wanafunzi wangu. Sasa nimeona kwa macho yangu.

Nikadhani tumemaliza. Akaleta ya tatu. Ya fedha, nyembamba, imelika ukingoni.

Juu ya kichwa cha mfalme hapana kitu. Hapana mwezi. Hapana msalaba.

Nikauliza kama imefutika. Akasema hapana, ilipigwa hivyo. Akaeleza polepole. Wataalamu wengine wanadhani hizi ni za wakati wa katikati, mfalme ameshaacha la zamani ila bado hajatangaza jipya, pengine kwa kuwaogopa watu wake. Hakuna anayejua kwa hakika.

Nimeiangalia hiyo kuliko zile mbili. Sikumwambia bibi kwamba namwaza Baba. Sidhani ningeweza.

Jumamosi, 29 Machi

Louisville. Mama anaishi na Chantal mtaa wa Iroquois. Amepungua. Amenishika uso kwa mikono miwili kama kipofu, ingawa anaona vizuri kuliko mimi.

Mchungaji amekuja jioni. Nimemwambia habari ya sarafu ya tatu. Hakupenda. Anasema hiyo itawachanganya vijana, niiache. Ni mtu mwema, alinipigania nilipofika nchi hii. Ndiyo maana inaniuma.

Nina hotuba mbili kwenye karatasi. Ile anayoitaka, na nyingine.

Jumapili, 30 Machi

Niandike kama ilivyokuwa.

Kanisa limejaa. Vijana mbele na simu zao, Mama upande wa wazee. Nilianza na ile ya Mchungaji. Mwezi. Msalaba. Amina nyingi. Nilipofika kwenye "siku moja" nikaacha kusoma. Nikakunja karatasi.

Nikawaambia kuna sarafu ya tatu. Nikawaambia habari za kibuyu. Nilisema nilimhukumu baba yangu kana kwamba moyo wake nauona kama mkono wangu, na sikuuona. Nilitaka kumwomba radhi Mama. Sikufika huko. Mama alikuwa anahangaika kusimama, Chantal anamvuta akae.

"Niache," Mama akasema. Kisha kwa sauti ya kuita ng'ombe: "Baba yako alikuwa anasuka maziwa!"

Wazee wakaguna. Vijana hawakuelewa. Kwetu mwanaume hasuki maziwa. Kutikisa kibuyu mpaka siagi itoke ni kazi ya mwanamke, na mwanaume akionekana anaifanya, atachekwa mpaka kaburini.

"Kila Jumapili, siku ya Mungu," Mama akasema. "Anafunga mulango, anakamata kibuyu, anasuka yeye mwenyewe, juu ya mimi nisichelewe kanisani. Nikirudi ananiuliza: wamehubiri nini? Namuelezea yote. Alinikataza kusema. Nimenyamaza miaka yote hii."

Akanigeukia. "Siku ile ulikataa maziwa, jioni aliniambia: mutoto ana haki ya kuchunga imani yake. Hakukukasirikia, mwanangu. Alikuwa anakuogopea ile njia ya hatari ya Uvira."

Akakaa.

Sikumaliza hotuba. Nilishuka nikapiga magoti mbele yake, nikaweka kichwa mapajani pake, mtu mzima wa miaka hamsini na moja, mbele ya watu wote. Mchungaji alikuja. Nilidhani atanikemea. Alipiga magoti pembeni yangu. Kisha akaomba, kwa sauti ndogo ambayo sijawahi kuisikia kwake: "Bwana, asante kwa wale ambao hatukuwaona."

Asante. Asante kwa Mama ambaye bado yupo. Asante kwa yule bibi na ile sarafu ya tatu. Sina neno lingine.

Jumatano, 2 Aprili

Nyumbani, Buffalo. Kazi kama kawaida. Theluji ya mtaa wetu wa West Side inayeyuka, maji yanatiririka barabarani. Esperance amepika maharage. Nimelala mchana saa nzima bila kuota.

Jioni Divine amekaa karibu nami. Siku zote hunijibu kwa Kiingereza. Leo ameuliza kwa Kiswahili, "Papa, babu aliitwa nani?"

Nikamwambia: Sebagabo.

Akaomba nilitaje tena, polepole. Nikalitaja.