Bati la Bomba la Tatu

Bruxelles, Etterbeek, 3 Mars 1996

Papa mupendwa,

Jambo sana. Muko wazima? Kile kikohozi kimepunguka? Mimi niko fort, nguvu tele, uzuri unaongezeka tu, Bruxelles nzima inanijua.

Bon. Ninatunza muzee moja mubeleji, Monsieur Etienne. Anaandika kitabu juu ya manuwari za zamani, zile meli za vita za Japani. Kuna moja ilizama Birmanie, ile Burma ya Asia: kitabu kimoja kinasema ilikuwa na mabomba matatu ya moshi, kingine mawili. Muzee halali! Nikamwambia, "Mon cher, acha makaratasi. Papa yangu alikuwa infirmier, muuguzi wa Force Publique, jeshi la Congo ya wabeleji, kule kule, ameiona na macho yake." Akajibu, "Aandike alichoona. Nikihakikisha, ninasaini invitation, karatasi ya kupatia visa, aje aseme mwenyewe."

Redio inaleta habari mbaya za kwetu. Donc andika upesi. Yeye anapenda matatu.

Mutoto wako,
Noé

Uvira, 19 Mei 1996

Mwanangu Noé,

Salamu nyingi. Mama yako anauliza kama unakula, ao unasema tu. Kikohozi kipo, tumezoeana.

Nimepata barua yako, ukinieleza kwamba kitabu kimoja kinasema mabomba matatu, kingine mawili, na muzee anapenda matatu. Nimesoma yote, asante.

Ya kweli ni hii. Mabomba ya chuma yalikuwa mawili. La tatu lilikuwa la mbao, limefunikwa bati na kupakwa rangi, ili kudanganya ndege. Meli ilikaa kwenye maji mafupi, nasi tulizibomoa zile mbao tukachemshia vyombo vya daktari. Nilikata kipande cha bati nikafunikia sanduku langu la dawa. Leo mama yako anafunikia mtungi wa maji.

Askari wanazunguka hapa. Hiyo invitation isichelewe, mwanangu.

Baba yako,
Tharcisse

Bruxelles, 2 Septemba 1996

Papa,

Jambo. Kifua? Mama? Leo sina michezo.

Muzee hakuamini tafsiri yangu. Alipeleka barua yako kwa masœur Christiane, mutawa wa Koekelberg, aliyefundisha Bukavu miaka mingi. Akaisoma tangu salamu. Alipofika pale umerudilia maneno yangu, muzee akasimama. "Noé! Ulimupa swali pamoja na majibu? Sasa nitajuaje kama ameona, ao amesoma kwako?"

Nikapiga kelele: "Kwetu ni adabu! Ndiyo kuonyesha barua imefika!"

"Je comprends, ninaelewa," akasema, na akakata ushuhuda wako kwa kalamu nyekundu. Hakusaini. Nikamuuliza: na lile bati? Akasema, "Bati halijasoma barua yako."

Papa, mudomo wangu huu! Tuma bati na muntu yeyote anayevuka Bujumbura.

Noé wako

Bruxelles, 8 Februari 1997

Papa mupendwa,

Jambo. Sijui niulize afya ya nani.

Tangu vita iingie Uvira, barua za kwenda huko hazipokelewi hapa. Ninaandika tu.

Pétronille, binti wa jirani yenu, amefika kwa dada yake Woluwe. Amevuka na bati ndani ya nguo. Anasema ulimupa mlangoni, ukarudi kumusaidia mama asimame, na risasi zikaanza. Hakuwaona tena.

Nikalipeleka kwa muzee. Akaligeuza dirishani, akapitisha ukucha kwenye vitundu vya misumari. "Bomba la chuma halipigiliwi misumari; bati hili lilipigiliwa kwenye mbao," akasema. "Baba yako aliona." Akalia, Papa, mubeleji muzima! Akakuandika ndani ya kitabu: Tharcisse, infirmier, shahidi. Invitation akaisaini palepale. Iko mezani.

Anataka adresse yenu ya kuitumia. Mimi, niliyejisifu ninajua kila rue, kila njia ya Bruxelles, nimekaa na kalamu ya bic mukononi.

Na mama, mutungi wake anaufunika na nini sasa?

Mutoto wenu,
Noé