Maksai wa Ubatizo wa Coletha

Mwaka umetimia, Baba Coletha, tangu tukusindikize kaburini kwako Nyasubi. Haya ninayoyaandika alinisimulia kaka yangu Maduhu siku ya tatu ya matanga yako, tumekaa nyuma ya nyumba tunachambua maharage. Miaka kumi na saba mlinificha, wewe na yeye na marehemu baba. Leo nakuambia wewe, na watakaosoma wasikie.

Ulikuwa bwana mifugo. Watu walidhani kazi yako ni sindano na majosho tu. Mimi niliyeishia darasa la tatu niliijua na ile nyingine, ya kutazama vijidudu kwa darubini, maana ulikuja nayo nyumbani. Nikipeta mchele ulichota punje ukazipanga kwenye ungo. "Mama Coletha, vijidudu vingine ni vya duara kama mtama. Vingine ni virefu kama njiti. Vingine vimejikunja kama mkia wa nguruwe. Ila usipovipaka rangi huvioni, ni kama kutafuta chumvi ndani ya maji."

Vidole vyako vilikuwa vya buluu siku zote, sabuni ya mche haikuviweza. Watoto wa jirani walikuita Bwana Wino, nawe uliitika.

Hukuwa mtu wa kelele. Mtu akileta ng'ombe mgonjwa, ulimwamkia yeye kwanza, ukauliza habari za nyumbani kwake, ndipo ukamshika ng'ombe sikio.

Sasa ile siku. Ulikuwa mwaka 1969, ubatizo wa Coletha wetu, nyumbani kwa baba yangu mzee Ngassa, huku Kagongwa. Baba alikuwa ametoa maksai wake wa kulimia awe wa karamu. Asubuhi akakutwa zizini amekufa, tumbo limevimba, damu nyeusi inamtoka puani.

Wageni walicheka. Cornel, jirani yetu, alikuwa ameshanoa kisu. "Maksai naye kajua leo ni sikukuu! Katupunguzia kazi. Haya, tumchune."

Ukasema, "Asiguswe. Naogopa ni kimeta. Kinaua na watu."

Mkwe kumkataza baba mkwe nyama ya ng'ombe wake, mbele ya wageni wake! Nilikuwa jikoni na mtoto mgongoni, sufuria ziko motoni, nikaona aibu mpaka masikio yakawaka. Na baba hakuwa na maksai mwingine wa kulimia.

Ulimziba yule maksai pua kwa matambara, ukamwachia Maduhu amlinde, ukapanda baiskeli mpaka ofisini Kahama. Ulirudi saa nane mchana na sanduku la darubini. Watu walikuwa na njaa na maneno mengi.

Maduhu anasema ulitoboa sikio la maksai, ukachukua tone moja la damu, ukalitandaza juu ya kibamba cha kioo, jembamba kabisa. Ukaliacha likauke. Ukalipitisha kwenye spiriti, ukadondoshea wino wa buluu, ukangoja, ukasuuza kwa maji.

Cornel akasema, "Ala! Wino ni wako, utatuonyesha buluu yako mwenyewe. Hata uji ukiupaka huo wino utaonekana una wadudu."

Hukukasirika. Ulikwenda kwenye mtamba mzima wa baba, ukamtoboa naye sikio, damu yake ukaipaka wino ule ule kwenye kibamba cha pili. "Wino ni mmoja, Cornel. Kama ni wino unaoleta wadudu, tutawaona kote kuwili. Njoo utazame."

"Mimi sitii jicho langu kwenye bomba hilo. Mwenye ng'ombe ndiye atazame. Mzee akisema tule, tunakula."

Basi ikawa hivyo, watu zaidi ya arobaini wanamsubiri mzee mmoja.

Uliweka kibamba cha maksai, ukakigeuza kile kioo kidogo cha chini kilielekee jua, maana ndicho kinachoangaza. Baba akainama na koti lake refu. Akatazama sana. Akainuka akasema, "Wapo. Kusanyeni kuni, achomwe."

"Baba, tazama na cha mtamba, ulinganishe."

"Kimoja kimetosha."

Watu wakaondoka kwenda kutafuta kuni, Cornel akinung'unika. Hapo ndipo wewe ulipoinama kutazama, ukakuta giza. Koti la baba lilikuwa limekigusa kile kioo, kikageukia chini mezani. Maduhu naye alikiona, akafumbua mdomo. Ukamkanyaga mguu.

Ulikirudisha kioo kwenye jua, ukamwambia atazame. Anasema aliviona: vijiti vya buluu, ncha zake zimekatwa sawasawa, vimeshikana kimoja nyuma ya kingine kama mabehewa pale Isaka, na kila kimoja kimezungukwa na utando wa rangi ya waridi. Kwenye damu ya mtamba hakukuwa na kijiti hata kimoja.

Maksai akachomwa bila kupasuliwa, majivu yakafukiwa kwenye shimo refu na chokaa. Wageni walikula ugali kwa maharage wakaenda zao. Hakuna aliyeugua.

Jioni mlibaki watatu penye lile shimo. Baba akasema, "Mkwe wangu, hebu nieleze. Hao wadudu wakoje? Maana mimi niliona giza tupu."

"Nilijua, baba. Koti lako lilikigeuza kioo."

"Na ukanyamaza?"

"Nikuaibishe mbele ya Cornel?"

Baba alicheka mpaka akakohoa. "Nilikupa Mektilda kwa neno lako tu. Ningeshindwaje kukupa maksai? Ila yeye asijue, atasema baba yake kazeeka."

Mimi saa hizo nilikuwa ndani, nimelala uso ukutani, nimekununia. Nilikununia miezi miwili. Kila nilipokulaumu kwamba ulimlazimisha baba yangu kwa vioo vyako, ulijibu, "Baba alitazama mwenyewe," ukaendelea kula. Ungejitetea kwa neno moja tu. Hukulisema mpaka tunakuzika. Nisamehe, Baba Coletha.

Maduhu anasema usiku ule baba alisinzia kitini pale pale penye shimo, ukamfunika koti lake. Kisha Maduhu naye akalala. Wewe ulikaa unawafukuza mbwa wasichimbe, mpaka ulipomaliza kupanga mawe juu ya shimo, ndipo ukajinyoosha chini kando yao, ukalala.

Tunaokukumbuka ni mimi mkeo Mektilda. Wanao Coletha, Donatus na Theopista. Shemeji yako Maduhu. Na wajukuu zako wote. Leodgar Maige, siku zetu zote tutakuwa nawe moyoni.