Pijo Yako Haina Kelele, Tata

Tata,

Mama ameniambia nikuandikie, kwa hivyo kaa vizuri usikie. Mwanao Ombati ndiye mtu mwenye bahati kuliko wote kutoka Kiogoro mpaka Nyamira. Ile Pijo 404 yako imetembea. Sabato iliyopita nilimpeleka Mama kanisani, ameketi mbele kama mke wa gavana, kitambaa cha njano kichwani, na injini imetulia hata kuku hawakujua wapishe njia. Mimi nimeendesha malori mpaka Juba, nimelala Goma, nimekula samaki na wakubwa kule Kampala, lakini gari tulivu namna hiyo sijawahi kuona.

Najua ungesema nini. "Ombati, ukimaliza kujipiga kifua nipitishie spana namba kumi na tatu."

Nyumba imekuwa kubwa tangu tukulaze kando ya migomba. Kerubo, dada yangu mwenye akili, bado anasonga ugali wa watu wanne, halafu sehemu ya nne anamtupia mbwa. Mbwa amenenepa. Mimi siku hizi nacheka sana, Tata. Pale Daraja Mbili kina mama wa ndizi wananiita redio. Nikinyamaza kidogo tu, basi...

Wacha nikukumbushe siku tulipoileta. Gari iliyomleta Mama akiwa bibi arusi, ya kuazima kwa karani wa majani chai, ukaitafuta miaka yote hiyo kama mtu aliyepoteza mtoto. Ukaipata Nyamira kwa mzee mmoja, imeota magugu, kuku wanataga kiti cha nyuma. Ukampa ng'ombe mtamba, yeye akadhani umerukwa na akili. Tulipoishusha hapa nyumbani Mama aliizunguka mara moja, akasema, "Sasa nimelipiwa mahari mara mbili." Ulicheka mpaka ukakaa chini.

Basi ikawa kila Jumapili, Wakatoliki wakienda misa, sisi tuko chini ya Pijo. Kerubo akashona viti upya. Mama akasugua bampa kwa majivu na ndimu, na hata sukari ilipomharibu macho aliendelea kusugua kwa kupapasa, anauliza, "Hapa pameng'aa?" Mimi nilikuwa mtu wa kupiga hadithi na kulala mgongoni. Wewe ulifungua injini. Na sitasahau ulivyofanya: kila bolti uliyotoa uliichomeka kwenye kipande cha mgomba, mahali pake, kwa mpangilio ule ule iliokaa kwenye injini, mstari kwa mstari. Nilikuambia huko nje watu wanapiga picha na simu. Ukasema simu huishiwa moto, mgomba hauishiwi.

Ukaugua bolti zikiwa zimechomekwa hivyo hivyo.

Pale hospitalini hukuniambia mimi kitu. Ulimshika Mama mkono, ukamwambia, "Ningoje. Utaingia kanisani kwa Pijo yako." Tata, mbona ulimwambia vile? Tangu siku ile majirani wenye magari wakisimama hapo langoni kumbeba anawashukuru, anasema yeye ana gari lake. Alikuwa akienda kwa miguu. Sasa miguu imevimba, haendi tena. Kila Sabato anavaa, anashikwa mkono mpaka kwenye Pijo, anakaa mbele na Biblia mapajani asiyoweza kuisoma, mpaka jua linapopanda. Halafu anasema, "Labda wiki ijayo."

Na sasa nisikie mpaka mwisho, usiniache katikati. Siku ya matanga yako watu walijaa, na mimi nilitaka waone mtoto wako anajua kupanga boma. Ng'ombe walikuwa wanalia njaa. Nikaona ule mgomba umelala pale kwenye kivuli cha gari, umeanza kulainika. Nikazing'oa bolti zote moja moja, kwa uangalifu kabisa, hata moja haikupotea, nikazitia kwenye karai. Mgomba nikaukatakata nikawapa ng'ombe. Nikajisifu kwa wajomba kwamba nimeokoa vyuma vya Tata. Ni Kerubo aliyelitazama lile karai, akaniambia polepole, "Ombati, umewalisha ng'ombe kichwa cha Tata."

Fundi wa Mosocho alikuja. Akazitandaza kwenye gunia, zote zinafanana kama ndugu, moja imezidi nyingine unene wa ukucha. Akajaribu, akalazimisha moja, ikakatikia ndani. Akanawa mikono, akasema hii ni kazi ya aliyeifungua.

Juzi daktari wa Mama alizungumza na Kerubo pembeni. Kerubo hajaniambia yote. Lakini nilimkuta akipiga pasi kile kitambaa cha njano, akirudia pale pale, pasi ilikuwa imeshapoa.

Jumapili hii nitakata mgomba mpya. Nitachomeka bolti moja, halafu ya pili, hata kama ni mpaka nizeeke, na sitafungua mdomo ila kumwomba Kerubo spana. Hiyo nakuahidi. Lala salama, mzee wangu. Huku juu tunakuhitaji, sana, sijui nikuambieje.

Ile habari ya Sabato nilikudanganya. Gari haijawaka. Tuliisukuma, Kerubo ameshika usukani kupitia dirishani, mimi nyuma, kutoka migombani mpaka langoni. Mama akauliza mbona hakuna sauti. Nikamwambia hivyo ndivyo mume wako anavyotengeneza magari. Najua alinisikia nikihema. Pale langoni akauliza, "Tumefika?" Nikasema tumefika. Akaimba wimbo mmoja, wote, beti zote, peke yake. Halafu akasema, "Basi mwandikie baba yako umwambie."

Nimekuandikia. Hatukufika, Tata.

Ombati