Mkate wa Bi Stara

Dodoma, 9 Juni 1913

Kaka yangu mpenzi Shaban,

Assalaam aleikum, na shikamoo. Mimi na mume wangu tu wazima. Yeye yuko kazini relini, na vumbi la huku linatula kama kawaida. Wifi na watoto hawajambo huko Bagamoyo?

Kaka, ni habari za Baba hapa kwangu. Tangu apooze upande hajatamka neno, hilo unalijua. Sasa na chakula anakataa. Uji anageuza uso, mchuzi anageuza uso. Juzi nikamtajia mkate wa Bi Stara, ule Baba aliokuwa akitununulia utotoni huko Bagamoyo, karibu na kambi ya wapagazi: mofa ya mtama iliyopasuliwa, ikajazwa nyama ya mbuzi na ukwaju. Machozi yakamtoka! Nimejaribu kuupika kwenye chungu, ukatoka mgumu kama kigae. Bi Stara amekwisha fariki, Mungu amrehemu, lakini bintiye Mwantum si yupo? Muulize upesi unavyopikwa. Baba anakonda.

Mdogo wako,
Waridi

Bagamoyo, 2 Julai 1913

Mdogo wangu Waridi,

Waaleikum salaam. Marahaba. Sisi wazima, ila barua yako imeniondoa usingizi.

Nilikwenda kwa Mwantum siku hiyo hiyo. Alicheka kwanza. "Chungu? Mofa haikaangwi, hubandikwa! Ajenge tanuri la udongo, aache makaa yatulie. Unga aukande na kipande cha kinyunya, donge la jana lililochachuka, alowanishe mkono, aubandike ukutani mwa tanuri. Nyama iingie mkate ukiwa bado unafuka moshi."

Nilipomwambia ni kwa ajili ya Baba, aliacha kucheka. Anamkumbuka. Anamwombea.

Kaka yako,
Shaban

Dodoma, 8 Agosti 1913

Kaka,

Salamu nyingi. Sisi wazima.

Tanuri tulijenga na jirani yangu Dorkasi, Mgogo wa upande wa Nzuguni. Udongo wa kichuguu alileta yeye, na mtama pia. Aliponiona nabandika akashika kiuno: "We Waridi, sisi mtama tunausonga ugali. Nyie mnaubandika ukutani kama mbayuwayu?" Mkate wa kwanza ulidondoka majivuni. Wa pili ukashika. Harufu ilipotoka nilisimama kama mtoto, nikasahau niko Dodoma.

Nikaupasua, nikaujaza, nikamkatia Baba kipande. Akakipokea kwa mkono wake mzima. Akatafuna, polepole, macho yamefumbwa. Mimi na Dorkasi tukamsogelea.

Akameza. Akasema, "Chumvi haitoshi."

Kaka, Baba amesema! Sauti imekwaruza, lakini ni yake. Dorkasi aliketi chini palepale akamwita Mungu wake, nami nikamwita wangu. Baba akatutazama kama wendawazimu, kisha akaniita: "Waridi. Ongeza." Jina langu, kaka! Nilidhani sitalisikia tena kinywani mwake.

Anazungumza kidogo kidogo. Jana kakuulizia wewe.

Mdogo wako,
Waridi

Bagamoyo, 30 Agosti 1913

Waridi, mdogo wangu,

Sina salamu ndefu leo. Barua yako nilimsomea wifi yako, nikashindwa kuimaliza; akamalizia yeye. Kazi zote za dukani nimeziacha. Kesho nashika njia ya Dar es Salaam, na huko nitapanda garimoshi kuja kwenu.

Nikifika nikamkuta Baba amelala, usimwamshe. Nitaketi kando yake mpaka aseme lolote.

Kaka yako,
Shaban