Ngumi Zilizozidi

Macon, Georgia
Jumapili mchana

Dada yangu mpendwa Odessa,

Nakusalimu kwa mapenzi yote, wewe na shemeji Rufus na wajukuu waliojaa humo nyumbani. Vipi goti lako? Nimesikia sasa unapanda ngazi bila mkongojo, nikafurahi sana. Mimi sijambo, ila mkono wa kulia una plasta mpaka kwenye kiwiko. Naandika kwa kushoto, univumilie.

Najua umeshasikia mengi kwenye simu. Nataka uyasikie kwangu.

Unakijua kipindi chetu cha michezo, mimi na Curt Haggerty. Yeye mzungu anayepigia kura upande wenu, mimi mweusi ninayepigia upande wa wahafidhina, ambao nikiutaja mezani kwako watu wanaweka uma chini. Tunagombana hewani, halafu tunakwenda kula pamoja. Alhamisi tuligombana juu ya Keziah Mabry, yule binti wa timu ya kikapu ya chuo aliyepiga goti kupinga ubaguzi wakati wa wimbo wa taifa. Nilisema, na bado nasema, asimame. Nikasema waandishi wa michezo wamegeuka wahubiri, na wakimsifu kocha mweusi kwa rangi kabla ya kazi yake wanamtukana. Mtu anafungua redio ya michezo apumzike na siasa. Curt akaniuliza kama ndiyo maana nazihubiri saa nzima. Nilicheka, alikuwa amenipata.

Ijumaa tulitangaza moja kwa moja kutoka mkahawani kwa Hollis, pale penye mbavu za kuchoma. Keziah akaja mwenyewe. Akaketi mbele ya kipaza sauti akasema, "Mjomba Thad, bibi yangu anakusikiliza kila siku, na kila siku anakutukana." Watu wakaangua kicheko. Tukabishana sana. Akaeleza kwamba alipiga goti kwa ajili ya kaka yake aliyefia mikononi mwa polisi. Nikamwambia bendera ya taifa ndiyo iliyofunika jeneza la babu yetu mimi nawe, askari ambaye mji huu haukumruhusu hata kuketi mkahawani na wazungu. "Basi wote wawili tuna msiba," akasema.

Hapo akasimama Wendell Pruitt, fundi wa mapaa, mzungu mkubwa kama mlango. Alikuwa akipiga simu kipindini kila wiki kuniunga mkono, na nilipenda simu zake. Akapaza sauti, "Mnyamazishe huyo nyani, Thad!"

Nikamwambia, "Wendell, kaa chini au toka. Huyu ni binti yetu."

Alinitazama kama mtu aliyeibiwa. "Kumbe na wewe ni walewale. Nilidhani wewe ni tofauti."

Akanyakua chupa ya bia, akaivunja kwenye ukingo wa meza, akamwendea Keziah. Curt akajitupa katikati. Kioo kikamwingia shingoni, chini ya sikio. Damu iliruka mpaka kwenye mitambo yetu. Keziah akapiga magoti akamkandamiza jeraha kwa vitambaa vya meza, akimpigia kelele asifumbe macho. Tulikuwa bado hewani. Mji mzima ulisikia, mpaka mtu alipojikwaa kwenye nyaya zikang'oka.

Nilimpiga Pruitt kwa kiti cha chuma. Akaanguka, chupa ikamtoka.

Curt atapona. Wamemshona, ingawa sauti haijarudi. Anaongea nami kwa macho na vidole, na hata hivyo bado anabisha. Watu wa upande wangu wananiita shujaa, na wa upande wako pia. Kwa mara ya kwanza wanakubaliana.

Sasa sikiliza, dada. Pruitt alifariki jana asubuhi. Wote wanasema nilipambana na mtu mwenye silaha. Si kweli. Alikuwa chali sakafuni, viganja wazi, akiniomba, "Basi, Thad, basi." Nilimsikia vizuri. Niliendelea kumpiga usoni kwa ngumi mpaka mfupa wa mkono wangu ukavunjika, na hata ulipovunjika sikuacha. Sikuwa nikipigana kwa ajili ya Curt wala yule binti. Nilikuwa nikiyapiga yale maneno, kwamba nilidhaniwa tofauti. Nimeyasikia kwa wengi walionipiga begani wakicheka, na nikayachukua kama sifa.

Keziah alikuja hapa, nikamweleza haya yote, akalia. Akasema, "Mjomba, hakuna aliyeona, wote tulikuwa tunamwangalia Curt." Nikamjibu kwamba mimi niliona. Kesho nakwenda polisi kusema hivyo. Wakili anataka nidai kwamba ubaguzi ulinitia wazimu. Sitasema. Akili zilikuwa zangu, na mkono ni wangu.

Usisafiri kuja, nakuomba. Mwombee Curt, na umwombee mjane wa Pruitt. Anaitwa Lurleen, na sijui nitamtazamaje mahakamani. Msalimie shemeji, wabusu watoto. Nikikupigia simu kutoka huko ndani, pokea, hata kama ni kwa kunigombeza tu.

Mdogo wako akupendaye,
Thaddeus Broyles